Hesabu ya ndege ya majira ya baridi: tuiamini kwa kiasi gani?

Kila mwaka, kati ya Desemba 14 na Januari 5, vikundi vya wapenda ndege nchini Marekani na Kanada huchagua siku moja na kuhesabu kila ndege anayeonekana au kusikika ndani ya duara lenye kipenyo cha kilomita 24. Duara ni lilelile miaka yote. Kazi hii ilianza Krismasi ya 1900, pale mtaalamu wa ndege Frank Chapman alipopendekeza ndege wahesabiwe badala ya kupigwa risasi kwa mashindano, kama ilivyokuwa desturi ya sikukuu. Walioitika mwaka ule walikuwa 27.

Wenye shaka wana hoja nzito. Wahesabuji wengi ni watu wa kujitolea, na mzoefu husikia ndege ambao mgeni hawatambui kabisa. Watu hufuata barabara na njia zinazopitika, hivyo msitu wa ndani haufikiwi. Kundi la kwezi likikatiza angani, hakuna anayehesabu mmoja mmoja. Unahesabu kumi, unakariri kwa jicho ukubwa wa fungu hilo, kisha unakadiria limo mara ngapi katika kundi zima. Wawili waliosimama bega kwa bega wanaweza kuandika mmoja mia nne, mwingine mia sita.

Yote ni kweli. Lakini hoja hizo zinaiangusha hesabu pale tu tunapoitaka itwambie duara lina ndege wangapi hasa. Nguvu yake ni kuonyesha mwelekeo, na kosa linalojirudia vilevile kila mwaka haliupotoshi sana. Mwaka 2009 Audubon, shirika la Marekani la kuhifadhi ndege, lilichambua takwimu hizi kwa spishi 305 na kukuta zaidi ya nusu zimesogea kaskazini katika miaka 40. Sioni ni watafiti gani wa kulipwa wangetawanyika kote huko kila Desemba kwa zaidi ya karne.

Mimi naogopa kosa linalobadilika. Tuseme mwaka jana kikundi kilipata kwezi 200 kwa saa 40, yaani saa za timu zake zote zikijumlishwa, na mwaka huu 300 kwa saa 80. Wameongezeka? Kwa saa moja wameshuka kutoka 5 hadi chini ya 4. Ndiyo maana saa lazima ziandikwe. Hata hivyo, kugawanya kwa saa si dawa ya kila kitu: bata wa ziwa moja ni walewale, uwatazame saa moja au tano.

Halafu kuna hamu ya ndege adimu. Naielewa furaha yake, ila saa mbili za kumsaka bundi mmoja ni saa mbili za kuwaacha ndege wa kawaida. Na hao ndio wanaopotea: utafiti uliochapishwa 2019 ulikadiria kuwa Amerika ya Kaskazini imepungukiwa na ndege karibu bilioni 3 tangu 1970, wengi wao wa jamii za kawaida kabisa.

Kwa hiyo kila timu ishike njia yake ya mwaka jana, na mgeni atembee na mzoefu. Bundi anaweza kusubiri, kwani spishi zinazoonekana siku tatu kabla au tatu baada ya siku ya hesabu nazo huandikwa, kando.