Tuwape vijana maandiko yetu yaliyokataliwa

Kila mwaka hualikwa kufundisha kwenye warsha za kuandika maombi ya ruzuku za utafiti wa afya, na ratiba yake nimeshaikariri. Ufunguzi, picha ya pamoja, kisha slaidi: sehemu za andiko, malengo mahususi, mchanganuo wa bajeti. Siku ya pili jioni, vyeti. Miezi sita baadaye ukiwauliza washiriki nani ametuma andiko kwa mfadhili, wengi wanainamisha vichwa.

Warsha hizo zina kazi yake, lakini zinafundisha umbo la andiko, na umbo silo linalowaangusha vijana wetu. Daktari aliyemaliza uzamili anaweza kusoma mwongozo wa mfadhili peke yake akauelewa. Anachokosa ni jicho la yule atakayelisoma andiko lake usiku, baada ya kazi za mchana, likiwa la saba kati ya kumi aliyopangiwa. Jicho hilo hulipati kwenye slaidi. Unalipata kwa kusoma maandiko ya wengine, hasa yaliyokataliwa, pamoja na maoni ya walioyakataa. Na hayo ndiyo sisi wakubwa tumeyafungia kabatini.

Mwaka jana nilitoa andiko langu la mwaka 2015, nililomwandikia mfadhili mmoja wa nje. Nikafuta jina langu na la chuo, nikalichanganya na mawili ya wenzangu walioridhia, nikawapa vijana wanane wa idara: madaktari sita, muuguzi mmoja na mtaalamu mmoja wa maabara. Tulitumia alama kama za NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani: 1 ni bora kabisa, 9 ni dhaifu kabisa. Kila andiko lilipewa wasomaji watatu, wiki nzima ya kusoma, kisha kikao cha kulijadili na kulitetea au kulipinga mbele ya wengine.

Muuguzi alilipa andiko langu 6. "Sijaliona swali," akasema. "Ukurasa wa kwanza wote ananieleza kwamba ugonjwa ni mkubwa. Hilo nalijua, naushuhudia wodini kila siku. Yeye anataka kujua nini?"

Wapitiaji wa 2015, yaani waliolisoma na kulipima kwa niaba ya mfadhili, walikuwa wameandika karibu hayo hayo. Kijana wa maabara akaongeza jambo ambalo mimi mwenyewe ilinichukua miaka kulielewa: lengo la pili na la tatu yote yalining'inia kwenye lengo la kwanza. Sampuli za lengo la kwanza zisipotosha, mradi mzima umekufa, na mfadhili hatoi fedha kwa nyumba yenye nguzo moja. Nimelifundisha jambo hilo kwa slaidi mara nyingi, nao wakaliandika madaftarini. Safari hii waliligundua wenyewe kwenye kazi ya mtu, na nina hakika hawatalisahau.

Nilipowaambia andiko lile ni langu, chumba kilinyamaza. Kisha mmoja akauliza taratibu, "Prof, kumbe na nyinyi mnakataliwa?"

Swali lile liliniumiza. Huyu ni kijana wa miaka 31, amekusanya takwimu kwenye miradi ya watu wengine kwa miaka sita, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kukataliwa ndiyo kawaida ya kazi hii. Huko NIH, kwa miaka mingi, takriban andiko moja kati ya matano ndilo limekuwa likipata fedha, na karibu nusu ya yanayopokelewa hayafikii hata kujadiliwa kikaoni. Sisi tunawaonyesha yaliyoshinda tu. Wao wanajipima na ushindi wetu, na barua ya kwanza ya kukataliwa ikifika wanaamini utafiti si wao, wanarudi kwenye kliniki ya jioni. Wazee walisema mficha uchi hazai. Katika hili tumeficha mno, na kizazi kinachotufuata ndicho kinacholipa.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu ruzuku moja mkononi mwa daktari kijana inaweza kubadili tiba ya nchi. Mwaka 2004 Julie Makani, leo profesa, alipata ruzuku ya mafunzo ya Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza unaofadhili utafiti wa afya, na hapo ndipo ulipoanzia mpango wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, huko Muhimbili, Dar es Salaam, ambao umefuatilia maelfu ya wagonjwa katika nchi ambamo inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka.

Na sasa hali imekaza. Tarehe 1 Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku zenye mgao wa kupelekwa taasisi za nje ya Marekani mpaka iweke utaratibu mpya. Watafiti wengi wa kwetu walikuwa wanaishi kwenye migao hiyo, chini ya miradi iliyoandikwa vyuo vya Marekani. Kijana aliyezoea kupewa kipande cha mradi wa mwingine sasa inambidi aweze kusimama na swali lake mwenyewe mbele ya wafadhili wa Ulaya, wa Afrika na wa hapa nyumbani kama COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania.

Kuna habari njema pia. Kwa maandiko mengi ya NIH yaliyowasilishwa kuanzia Januari 2025, ujuzi wa mwombaji na rasilimali za taasisi yake havipewi tena alama ya namba. Wapitiaji wanaeleza tu kama vinatosha. Alama zinabaki kwenye uzito wa swali na uimara wa njia. Kwa mtu wa chuo kisichojulikana nje, huu ni mlango, mradi swali lake liwe limenyooka.

Kunyoosha swali, ushauri wangu ni mmoja: liseme kwanza kwa Kiswahili. Vijana wetu huandika kwa Kiingereza tangu mstari wa kwanza, na Kiingereza cha maandiko kina sentensi zilizo tayari ambazo mtu anaweza kuzipanga ukurasa mzima bila kusema kitu. Nenda kamweleze muuguzi wa zamu. "Mtoto mwenye selimundu akiletwa zahanati na homa usiku, nataka kujua kama mhudumu akimpa dozi ya kwanza ya dawa pale pale kabla ya rufaa, vifo vitapungua." Akikuuliza swali la maana, umepata utafiti. Akitikisa kichwa tu kwa heshima, rudi mezani. Nimemwona kijana akihangaika wiki tatu na ukurasa wa malengo, akaumaliza siku mbili baada ya mazungumzo ya namna hiyo.

Vyuo navyo vina wajibu wao. Kusajili taasisi kwenye mifumo ya mfadhili huchukua wiki kadhaa, na si haki mtafiti kijana kuligundua hilo siku nne kabla ya dirisha kufungwa. Ofisi ya miradi yenye mtu mmoja anayejua kazi hiyo ingeokoa maandiko mengi.

Lakini kabati halihitaji bajeti. Kila idara ina profesa mwenye andiko lililokataliwa. Tufute majina ya wagonjwa na ya washirika wasioridhia, tuyaweke mahali ambapo mhadhiri msaidizi anaweza kuyachukua bila kuomba ruhusa.

La kwangu, pamoja na kurasa za maoni ya wapitiaji, liko kwenye ofisi ya idara, na ufunguo anao katibu muhtasi. Wiki iliyopita yule muuguzi aliyelipa 6 alilichukua tena. Anaandika la kwake, na ameniomba nimpangie wasomaji watatu wasiomfahamu.