Hapa Panaitwa Jikoni

Kabla hamjaendelea kusambaza ile video ya sekunde 19, naomba na mimi nisikilizwe. Najua imeshafika hadi grupu la ukoo, maana jana usiku shangazi kaniandikia neno moja tu: "Umefika?"

Kwanza, sikulia. Rafiki yangu aliyerekodi anawaambia watu nililia. Ule ulikuwa moshi. Pili, hatukupotea. Mtu aliyepotea hajui alipo. Mimi nilijua kabisa nilipo, ila nilikuwa nimekosea.

Tuko Lushoto, kambi ya uongozi ya vijana, likizo ya mwezi wa sita. Watoto wa kidato cha pili na cha tatu wanafundishwa kuvuka mto kwa kamba, kufunga mafundo, kulala kwenye mahema, kuongoza wenzao. Mimi ndiye mkufunzi wa ramani na dira. Msicheke bado.

Wa Dar hamuijui baridi ya Usambara mwezi huu. Mji wenyewe uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na sisi tuko juu ya mji. Siku ile alfajiri, ukungu ulikuwa mzito kama uji. Mama anayetupikia anatetemeka mbele ya mafiga, nikajifanya muungwana, nikamvalisha koti langu lenye kofia. Kumbukeni hilo koti. Simu iliyokuwa kwenye koti nikaihamishia mfuko wa shati, kifuani. Simu yenyewe ina kava la kujifunga kwa sumaku. Na dira nimeivaa shingoni kwa kamba, imening'inia pale pale kifuani.

Mliosoma fizikia naona mmeshashika vichwa.

Kwa ambao mlikuwa mnatoroka vipindi: dira haijui kaskazini, dira inajua sumaku. Dunia ni sumaku kubwa, sawa, lakini mvuto wake kwenye kasindano kale ni mdogo mno. Ukiiweka karibu na sumaku nyingine, hata ya kava la simu la elfu nane, dunia inasahaulika. Kwa hiyo nikigeuka kushoto, sindano inageuka na mimi. Nikigeuka kulia, tuko wote. Kila nikiinamisha macho naikuta imekaa pale pale ninapotaka ikae. Jamani, maishani mwangu sijawahi kuwa sahihi mfululizo namna ile.

Tukaondoka saa mbili na nusu. Vijana 12, mimi mbele, rafiki yangu nyuma kuhakikisha habaki mtu. Kazi ilikuwa kukatiza shamba la misonobari, kilomita tano, hadi kijiji cha upande wa pili. Mti wa msonobari ukishauona mmoja umeiona yote, na vijia vya wakata mbao viko kila upande. Jua halionekani. Ndiyo maana kuna dira, niliwaambia.

Baada ya kama saa moja, binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Kaka, hiki kisiki chenye namba 47 si tumekipita?"

Nikamjibu, "Namba huwa wanazirudia."

Mara ya pili tulipokifikia hakunyoosha mkono, alikohoa tu. Nikasimamisha kikosi kizima nikatoa somo: kiongozi hayumbishwi na maneno ya njiani. Wakaandika. Baden-Powell mwenyewe, baba wa maskauti, kalala pale Nyeri tangu 1941. Nadhani siku ile alijivutia udongo masikioni.

Mara ya tatu tuliketi juu ya kisiki chenyewe tukanywa maji. Hakuna aliyesema kitu.

Saa tano na nusu pua zikapata harufu ya maharage. Nikanyoosha mkono juu kama Musa. "Mnasikia hiyo? Watu! Kijiji!" Mbele, ndani ya ukungu, tukaona ukuta wa mabanzi, bati, moshi unatoka pembeni. Nikawapanga mstari. Nikarekebisha skafu. Nikawanong'oneza: "Acheni niongee mimi. Kijijini kuna utaratibu wa kuingia."

Hapa ndipo rafiki yangu alipowasha kamera. Anasema alishatambua. Tangu lini? Hasemi.

Nikasogea taratibu. Kuna mtu kainama anapuliza moto, kanipa mgongo, kofia kichwani. Nikakohoa kistaarabu. Nikajisemea moyoni, huku nako wanauza makoti kama langu. Nikamwamkia kwa Kisambaa cha kuokoteza. Kimya, anapuliza moto. Nikarudi kwenye Kiswahili, mikono nimeifumbata mbele kama mposaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Sauti niliijua. Naapa niliijua, lakini ulimi ulikuwa umeshatangulia.

"Sisi ni wageni, mama. Tumetoka mbali sana. Samahani, hapa panaitwaje?"

Akaacha kupuliza. Akajinyoosha, mkono mmoja kiunoni, ile ya pole pole ya mtu mwenye mgongo unaouma. Hakugeuka. Akatazama sufuria. Akatazama bati. Nahisi alitafuta kama kuna jina jipya ambalo hajaambiwa.

"Hapa?" akasema. "Hapa panaitwa jikoni."

Ndipo akageuka. Koti langu. Uso wa mama aliyenipa uji asubuhi. Na nyuma yake, ukungu ukichagua dakika ile ile kuinuka, mahema yetu sita, bendera yetu, na soksi zangu nilizoanika mwenyewe.

"Karibuni wageni," akasema. "Chai yenu ya saa nne ilishapoa."

Watoto waliangua kicheko mpaka mbega wakahama miti. Yule binti hakucheka. Alinisogelea, akaniomba simu kwa adabu zote, akaipeleka kwenye dira, akairudisha, akaipeleka tena. Sindano ikacheza kama bibi harusi. Akanirudishia vyote viwili bila neno, na hapo ndipo ule moshi uliponiingia machoni.

Mengine ni ya kawaida. Mkuu wa kambi kaniita, tumeongea, sasa nafundisha mafundo. Somo la dira analo binti wa kidato cha pili, na jana kawafikisha kijijini kwa saa moja na dakika kumi. Vijana wananiita Mgeni. Nikipita karibu na mabanzi, kuna anayeuliza hapa panaitwaje, na wote wanaitikia kama kwaya.

Koti bado sijarudishiwa. Nimeona aibu kwenda kuuliza.