Baiskeli Moja, Mafundi Watatu

Jamani, aliyebuni tairi la baiskeli lisilo na tyubu hajawahi kuishi Mbeya.

Muuzaji wa mtumba aliniapia: "Kaka, pancha sahau. Ndani kuna maji ya utomvu wa mpira, mwiba ukiingia yanaziba yenyewe." Na kweli, mwiba yanauziba. Sasa mimi nilikuwa nashuka Kawetire, barabara ya Chunya, jiwe likapasua ubavu wa tairi, mpasuko wa kupitisha kidole. Maji yote yakanirukia. Na yakikauka yanageuka mpira! Ile suruali leo ukiiacha sakafuni inasimama yenyewe.

Fundi baiskeli wa Mwanjelwa akafumua tairi, akatia mkono, akapapasa ringi nzima. "Bro, tyubu iko wapi?" Haina, nikamwambia. Akanitazama kwa huruma. "Wamekuibia." Akaita na wenzake waje kushuhudia.

Haya, nipe tairi jipya. Akashusha la Phoenix, inchi 28. Langu ni 29. "Dogo kidogo, tutalilazimisha." Kulivisha, likapwaya likatoka lenyewe! Kumbe ringi ya ile 28 ya Phoenix ni milimita 635, ya 29 yangu ni 622. Yaani 28 inaizidi 29. Mtoto wa darasa la pili akiandika hivyo anakula kosa. Wenye viwanda wanaachwa tu.

Nikaenda kwa fundi viatu. Kabla sijafungua mdomo, akauliza: "Unavaa saizi ngapi?" Alidhani nimeleta tairi la katambuga. Lakini huyo mzee, Mungu ambariki, ndiye pekee aliyenielewa. Akafuta utomvu, akasugua kwa msasa, akashona mpasuko kwa uzi wa nailoni, ule wa kushonea soli, kisha akabandika kiraka kwa ndani. Kazi safi kuliko viatu vyangu.

Nikaongeza maji mapya. Bado upepo. Pampu ya mkono haifui dafu: tairi hili linataka upepo uingie kwa kishindo, kingo zikalie ringi, la sivyo unavujia pembeni. Nimepampu baridi ya Uyole ya mwezi Juni huku natoka jasho!

Mwisho nikaishia kwa mafundi wa matairi ya malori, barabara ya Tunduma. Foleni, mbele yangu semitrela. Zamu yangu ikafika, kijana akapaka kingo maji ya sabuni, akafungulia kompresa. Pa! Pa! Kingo zimekaa. Mama ntilie wa jirani kaacha mwiko, kakimbia.

"Punguza upepo, ibaki PSI 25," nikasema.

"Ishirini na tano? Mzee, hilo kwetu ndilo lenye pancha."

Halafu akanitajia bei ya tairi la lori. Nikamwonyesha baiskeli, labda hajaiona vizuri.

"Nimeiona. Na yule mama aliyeunguza wali wake, utamlipa wewe?"