Viimarishaji vya plastiki: tuamini kromatografia au dakika za oksijeni?

Polipropilini, aina ya plastiki, isiyotiwa viimarishaji huanza kuharibika ikiwa bado imeyeyuka ndani ya mashine, na ikikaa juani hukakamaa na kupasuka upesi. Kinachoiokoa ni kemikali ambazo mara nyingi hazifiki hata asilimia 0.5 ya uzito wake, kama Irganox 1010, inayozuia oksidisho (kuharibiwa na oksijeni) kwa muda mrefu, na Irgafos 168, inayoilinda kwenye joto la kiwandani. Wanaozipima hawaafikiani kuhusu njia. Baadhi hutegemea kromatografia ya kimiminika: plastiki husagwa na kulowekwa kwenye kiyeyusho, kisha kemikali zilizotoka hutenganishwa na mashine, kila moja ikionekana kama kilele kwenye mchoro. Wengine hupasha kipande cha plastiki hadi nyuzi 200 hivi, hufungulia oksijeni, kisha huhesabu dakika hadi oksidisho lianze.

Njia ya dakika ni rahisi na hupima kinga yenyewe. Lakini hutoa namba moja kwa mchanganyiko mzima, tena plastiki ikiwa imeyeyuka, hali ambayo bomba lililofukiwa ardhini halitaiona kamwe.

Mimi naegemea kromatografia, na sababu kubwa ni Irgafos 168. Kemikali hii ni fosfaiti, na ikishafanya kazi yake hugeuka fosfeti. Kipimo cha eksirei kinachohesabu fosforasi hakitofautishi hizo mbili; kwake kinga iliyokwisha na kinga iliyobaki ni kitu kimoja. Kwenye kromatografia kila moja hutoka kwa wakati wake na kilele chake, ukajua kiasi gani kimeshatumika. Na mabaki ya kemikali hizi si ya kupuuzwa: mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba zao mojawapo la kuvunjika kwa Irgafos 168, likivuja kutoka kwenye mifuko ya kukuzia seli, huzuia seli kukua. Dakika za oksijeni zisingemfichua mhalifu huyo.

Udhaifu wa kromatografia uko kabla ya mashine. Mashine hupima kilichotoka kwenye plastiki, si kilichomo. Ukisaga chembe kubwa au ukiloweka kwa muda mfupi, kemikali zitabaki ndani, na namba itakayotoka itakuwa ndogo ingawa inaonekana safi kabisa. Ukisaga hadi plastiki ipate moto, fosfaiti inaweza kuoksidishwa hapohapo mezani. Ndiyo maana maabara makini hugandisha sampuli kwa naitrojeni ya kimiminika kwanza. Ripoti yenye desimali tatu isiyosema sampuli ilisagwaje na ililowekwa kwa muda gani, mimi siipokei. Dawa ipo na si ngumu: mabaki yaleyale ya plastiki yalowekwe tena kwenye kiyeyusho kipya. Vilele vikijitokeza mara ya pili, namba ya kwanza ilikuwa pungufu.

Kuna mahali ambapo nakubaliana na upande wa pili. Masizi yaliyomo kwenye mabomba meusi hung'ang'ania viimarishaji, na hapo dakika za oksijeni ni ushahidi wa lazima. Ila kwa Chimassorb 944, inayokinga dhidi ya jua, njia zote mbili hupwaya: molekuli zake ni minyororo ya urefu tofauti isiyotoa kilele kimoja na hunata kwenye safu ya kromatografia (mrija unaotenganisha kemikali), na kwenye nyuzi 200 kinga yake haionekani ipasavyo.