Kabla ya kufungua moyo kwenye simu, tafuta pa kukaa

Nyumba nyingi za Goma, mji wetu wa Kivu mashariki mwa Kongo, ni za mbao. Lava ya volkano ya Januari 2002 ilifunika sehemu ya mji, watu wakajenga upya juu ya mawe yale yale, na mbao zilikuwa rahisi kuliko matofali. Matokeo yake tunayajua wote: jirani akikohoa pale mtaa wa Mabanga, unampa pole bila kutoka kitandani. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kuanza tiba ya mazungumzo kwa mtandao, simuulizi kwanza kama ana mega (bando la intaneti) za kutosha, wala kama mwanasaikolojia wake ana diploma. Namuuliza atakaa wapi akiongea.

Maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni yameandikwa kwa watu wenye chumba chenye mlango na ufunguo. Yanasema "tafuta sehemu tulivu", kisha yanaendelea na mambo mengine. Huku kwetu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Parseli moja, yaani kiwanja kimoja, ina familia tatu, watoto wanaingia bila hodi, na mama mkwe yupo sebuleni. Visikilizio vya masikioni vinaficha sauti ya mtaalamu; yako wewe inabaki hewani. Ninaowajua walioweza, kila mmoja alitafuta njia yake. Mmoja anaazima ofisi ya rafiki wakati wafanyakazi wameshatoka. Mwingine anajifungia ndani ya gari lililoegeshwa. Mwingine anatembea kule Himbi karibu na ziwa, simu sikioni, na wapita njia wanadhani anapiga stori na shemeji yake. Wapo pia wanaoandika tu, ujumbe kwa ujumbe, kwa sababu vidole havisikiki. Sioni aibu yoyote katika hilo. Ila mwambie mtaalamu mapema kwa nini huongei, asije akadhani unamkwepa.

Na simu yenyewe ni ya nani? Kama mume au kaka anajua namba yako ya siri, mazungumzo yote ya jana yapo mkononi mwake leo. Kubalianeni na mtaalamu jina gani atumie akipiga, saa gani asipige kabisa, na ujumbe gani ufutwe.

Kampuni kubwa nazo zisikulaze usingizi kwa maneno mazuri. Mwaka 2023 BetterHelp, kampuni ya Marekani ya tiba ya mtandaoni, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya tume ya biashara ya nchi hiyo kuishutumu kwa kuwapa Facebook, Snapchat na wengine taarifa za wateja wake kwa ajili ya matangazo. Ufini ilikuwa mbaya zaidi: kumbukumbu za wagonjwa wa Vastaamo, kituo cha tiba ya kisaikolojia, ziliibiwa, na mwaka 2020 wagonjwa wenyewe wakaanza kutumiwa vitisho, walipe au siri zao zianikwe. Basi uliza: mnaandika nini kunihusu, mnaweka wapi, nani anasoma? Anayekasirishwa na swali hilo umeshamjua.

Kuna jambo ambalo sisi watu wa Kivu tunahitaji kuambiwa kuliko wengine. Tumeulizwa habari zetu mno. Waliopita kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya au Bulengo wanakumbuka vijana wa mashirika wenye tableti: umetoka wapi, mlikuwa wangapi, umepoteza nani, umeona nini. Unajibu, wanaandika, unasubiri jetoni, kile kikaratasi cha kupokelea msaada. Mwaka unaofuata wanakuja wengine na maswali yale yale. Polepole mtu anajifunza kwamba hadithi ikiwa nzito ndipo mlango unafunguka, na anaibeba hivyo hivyo hadi kwa mwanasaikolojia: kabla salamu hazijaisha ameshafika kwenye usiku ule mbaya kuliko yote, na kikao kikiisha anabaki peke yake anatetemeka, simu mkononi.

Mwanasaikolojia hagawi jetoni. Huna haja ya kumthibitishia kwamba umeteseka vya kutosha. Kikao kwa kawaida ni dakika 45 hadi 50, na cha kwanza huenda kikawa cha mambo ya kawaida kabisa: unalala vipi, unakula, kazi inaendaje, pombe je, nyumbani uko na nani. Unaweza kusema "hilo leo hapana" na kazi ikaendelea. Mtaalamu mzuri ndiye atakayekupunguzia mwendo ukikimbilia maumivu. Atakuuliza pia kama umewahi kufikiria kujiua. Usishtuke, usidhani amekuona kichaa. Ni swali wanalouliza wengi, na kuliuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo.

Ujue pia unaongea na nani. Mji huu umejaa APS, wasaidizi wa kisaikolojia wa mashirika, na wengi wao wanafanya kazi njema ya kusikiliza. Mwanasaikolojia wa kliniki amesoma zaidi na anaweza kufuata tiba yenye hatua. Dawa ni za daktari. Mwanasaikolojia asiye daktari akianza kukutajia vidonge vya kununua, kata simu. Mchungaji wako abaki mchungaji wako, sioni kwa nini umwache. Kuhusu lugha, mimi ningechagua anayesikia Kiswahili chetu hata kama anakaa mbali. Kifaransa chako kinaweza kuwa kizuri sana ofisini na bado kikakuacha njiani ukianza kuzungumza juu ya marehemu mama yako.

Mimi ni mtetezi wa tiba hii, lakini kuna watu ambao simu haiwatoshi. Anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, au ambaye ameshapanga namna ya kujidhuru, apelekwe mahali penye watu, kwenye kituo cha magonjwa ya akili: hapa Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME. Aliyebakwa asisubiri miadi ya mtandaoni. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, kwa hiyo ni hospitali kwanza, kama HEAL Africa hapa Goma au Panzi kule Bukavu, mazungumzo baadaye. Na kwa kuwa mtaalamu aliye Nairobi au Brussels hawezi kuja kugonga mlango wako usiku, mpe tangu mwanzo namba ya mtu mmoja wa karibu anayeweza kufika.

Mengine ni ya kupanga tu. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, kwa hiyo miadi itajwe kwa saa ya mji gani. Semeni nani atapiga tena rezo (mtandao) ikikatika, maana ukimya wa ghafla katikati ya kilio unaumiza, na unaweza kuamini umetupwa kumbe ni mnara tu. Video inakula mega, sauti inatosha. Majukwaa ya nje yanataka kadi ya benki, na tangu benki za hapa zilipofungwa mwanzoni mwa 2025 tumejua thamani ya anayepokea Airtel Money au M-Pesa. Ukishaambiwa bei, uliza pia rezo ikikatika dakika ya kumi na tano na isirudi, unadaiwa kiasi gani. Wengine wanahesabu kikao kizima.