Kijana atozwe bima kwa anavyoendesha, si kwa mwaka aliozaliwa

Kijana akishapata leseni, furaha yake hudumu mpaka siku anapoulizia bima. Hapo huambiwa kwamba kulikatia bima gari kuukuu alilolinunua kwa akiba yake kunaweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Naungana naye katika hasira zake, lakini sikubaliani na wanaosema kampuni za bima zinawaibia vijana tu. Hoja hiyo ni nyepesi, na kampuni huijibu kwa urahisi.

Huijibu kwa takwimu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani zinaua watu takriban milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Wengi wao hawakuwa wameshika usukani. Walikuwa wakitembea kwa miguu au wako kwenye pikipiki. Hata hivyo dereva mgeni hupata ajali zaidi ya mzoefu, na miezi ya mwanzo baada ya leseni ndiyo ya hatari kuliko yote. Ajali zenyewe mara nyingi ni mbaya: ni usiku, mwendo mkali, gari limejaa wenzake wanaopiga kelele. Mlango uliobonyea hunyooshwa, bili ikalipwa, mambo yakaisha. Abiria wa miaka 20 aliyevunjika uti wa mgongo anaweza kulipiwa matibabu na kipato alichopoteza kwa miongo kadhaa. Ndiyo sababu hata bima ndogo, ile inayowafidia wengine tu na isiyoligusa gari lake, bado humlemea kijana.

Hayo yote nayakubali. Ninachokikataa ni jinsi mzigo huo unavyogawanywa.

Mpwa wangu alinionyesha jambo moja kwenye simu yake alipokuwa akijaza fomu ya kuomba bei. Alijaza aina ya gari, mahali linapolala, na leseni aliyokuwa ameipata karibuni. Bei ikaja. Kisha akarudi kwenye tarehe ya kuzaliwa, akajiongezea miaka ili aone tu itakuwaje, na bei ikashuka vibaya sana. Akaniuliza, "Mjomba, sasa huyu mwenye miaka thelathini amejifunza lini kuendesha, na leseni ni ileile?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Swali lake lina uzito, kwa sababu umri na uzoefu ni vitu viwili. Ni kweli kwamba ujana wenyewe una hatari zake, lakini mtu aliyeanza kuendesha akiwa na miaka 35 naye ni mgeni barabarani. Ufaransa wameliona hilo. Kule ada ya ziada huangalia leseni ina muda gani, bila kujali mwenye nayo ana miaka mingapi. Mwaka wa kwanza inaweza kufika asilimia 100 juu ya ada ya msingi, na kila mwaka unaopita bila ajali aliyoisababisha yeye inakatwa nusu, mpaka baada ya miaka mitatu inaondoka kabisa. Aliyejifunza mapema kwa kuendesha na mtu mzima pembeni huanzia kwenye nusu ya kiwango hicho. Mwaka wa kwanza unauma, sikatai, ila kijana anajua maumivu yanaisha lini na afanye nini ili yaishe. Kwingine huambiwa asubiri akue.

Wapo wanaodai kwamba biashara ya bima haiwezi kwenda bila umri. Hawaii, jimbo la Marekani, sheria inakataza kampuni kupanga ada ya bima ya gari kwa umri wa dereva, na bima bado inauzwa. Umoja wa Ulaya nao ulikuwa na ubishi kama huo kuhusu jinsia: mahakama yake ya juu iliamua mwaka 2011 kwamba kutofautisha ada kwa jinsia kukome, na kuanzia Desemba 2012 kukakoma.

Sasa kuna vifaa vinavyofungwa garini, au programu ya simu, vinavyopima mwendo, breki, kona na saa za kuendesha, kisha kampuni humpa dereva alama na kumpangia ada kwa alama hizo. Naviunga mkono, maana vinampa kijana ushahidi wake mwenyewe. Lakini kifaa hakijui kwa nini umekanyaga breki. Aliyefunga breki ghafla kumnusuru mtoto aliyekatiza barabara anaweza kuhesabiwa sawa na aliyekuwa akichezea simu. Na kijana anayetoka kazini zamu ya usiku anapunguziwa alama kwa kurudi kwake nyumbani. Basi kampuni inayotaka kumfuatilia imwonyeshe rekodi yake, impe nafasi ya kuipinga, na imruhusu kwenda nayo kwa kampuni nyingine akihama.

Serikali nazo zina sehemu yao, kwa sababu ajali zikipungua hata hesabu za kampuni hubadilika. New Zealand ilianza mwaka 1987 kutoa leseni kwa hatua: katika hatua ya kati, dereva haendeshi peke yake usiku wa manane wala habebi wenzake bila mzoefu kando yake. Sheria hiyo inaziba moja kwa moja ile hali ya usiku na gari lililojaa marafiki.

Kwa wazazi nina neno, kwa kuwa najua nia yenu ni njema. Msijiandikishe kuwa ndio madereva wakuu wa gari ambalo mwanenu ndiye analiendesha kila siku. Kampuni ikigundua siku ya ajali inaweza kukataa kulipa, na kijana akabaki na deni la maisha pamoja na rekodi itakayomfukuzia bei juu kokote atakakokwenda. Afadhali gari lenye injini ndogo na vipuri rahisi, kisha mmuulize wakala kabla ya kulipa: mwaka ukipita bila ajali, ada inashuka kwa kiasi gani? Mtake jibu kwa maandishi. Asipokuwa nalo, nendeni kwa mwingine.