Marekebisho ya 15: karatasi iliyosubiri miaka 95

Wapo wanaosema Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani yalikuwa maneno matupu, na hoja yao ina uzito. Yaliidhinishwa mwaka 1870 yakikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Mwaka huohuo Mississippi ilimpeleka Hiram Revels katika Seneti, Mweusi wa kwanza kuketi humo. Lakini mwaka 1890 jimbo hilohilo liliandika katiba mpya, na Weusi karibu wote wakafutika kwenye daftari la wapiga kura, ingawa masharti yake ya kura hayakutaja rangi popote.

Ilifanyikaje? Mtu alitakiwa kulipa kodi ya kura, dola 2 kwa mwaka, tena kufikia Februari mosi, ilhali uchaguzi ulikuwa Novemba. Kwa mkulima anayelima shamba la mwingine na kusubiri mavuno ndipo aone pesa, Februari ni mwezi wa ukata. Akivuka hapo, alipaswa kusoma kifungu cha katiba ya jimbo, au akisomewa, aeleze maana yake. Aliyepima kama maelezo yametosha ni karani wa uandikishaji, peke yake. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu iliyapitia masharti haya ikasema hayana ubaguzi. Louisiana nayo ikafuata njia hiyo: Weusi walioandikishwa walikuwa zaidi ya 130,000 mwaka 1896, kufikia 1904 hawakufika 1,400.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba karatasi ile haikuwa na maana. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, iliyopatikana baada ya waandamanaji waliodai kura kupigwa virungu Selma, mji wa jimbo la Alabama, ilisimama juu ya kifungu cha 2 cha marekebisho hayohayo, kinacholipa Bunge mamlaka ya kuyatekeleza. Jimbo la South Carolina lilipoipinga mahakamani, lilishindwa mwaka uliofuata. Mississippi, iliyokuwa na asilimia 7 hivi tu ya Weusi walioandikishwa, ilikaribia asilimia 60 kufikia 1967. Pasipo kifungu kile, watu wa Selma wangeanza kwa kuomba katiba ibadilishwe, na kura za robo tatu ya majimbo zingetoka wapi?

Kwa maoni yangu kosa lilikuwa kwenye uandishi. Marekebisho hayakusema kila raia ana haki ya kupiga kura. Yalikataza sababu moja tu ya kumnyima. Mwaka 1869 Seneti ilikuwa imepitisha rasimu pana zaidi, iliyokataza pia vigezo vya elimu na mali, lakini ikaachwa njiani. Laiti ingebaki! Marekebisho ya 19 ya mwaka 1920 yalifuata mtindo uleule kwa wanawake, na wanawake Weusi wa Kusini wakamkuta karani yuleyule mezani. Kodi ya kura ilikuja kuguswa na Marekebisho ya 24 mwaka 1964, tena kwa chaguzi za kitaifa pekee.

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilifuta kanuni ya Sheria ile ya 1965 iliyoainisha majimbo yanayopaswa kuomba kibali kabla ya kubadili taratibu zao za kura. Haikugusa kifungu cha 2 cha Marekebisho ya 15. Bunge lingeweza kutunga kanuni nyingine; muswada wa kufanya hivyo ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2021, ukakwama Seneti.